Mtu Bila Koti Haingii Mtumbwini

Kaka yangu alizama kwenye maji ya magotini. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wakisikia mvuvi amezama huanza kufikiria mawimbi, dhoruba na mtumbwi uliopinduka katikati ya ziwa. Hakukuwa na dhoruba. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, dagaa wameshashushwa. Alishuka mtumbwini, akajikwaa kwenye kamba, akalala kifudifudi kwenye maji ambayo watoto huoshea miguu, na akaendelea kulala. Wenzake walimwona. Mmoja akasema, "Mwacheni anawe uso." Wakacheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Aliyemtoa ni mama mmoja aliyekuja kuosha beseni lake. Alimkamata ukosi wa shati, akamburuta nchi kavu kama gunia la mkaa, huku akimtukana kwa Kiganda matusi ambayo sitayaandika, maana bibi yangu lazima naye asomewe haya.

Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nimeinamia dagaa wangu. Kazi yangu na ya wanawake wenzangu mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ni kuanika. Dagaa, ambao huku Kampala tunawaita mukene, wanaletwa asubuhi wakiwa wabichi, tunawatandaza juu ya nyavu kuukuu, tunawageuza, tunafukuza kuku na ndege marabu, na jioni tunawazoa wakiwa wakavu. Ni kazi ya mgongo lakini kichwa kinabaki huru. Kichwa changu hushinda Kabalagala, mtaa wa starehe, kwenye mkahawa wangu ambao bado haupo: vitambaa vyeupe mezani, samaki mzima kwenye sahani ndefu, na mhudumu mwenye tai anayenikaribisha mimi mwenyewe kwa heshima kwa kuwa hajajua kwamba ndiye mimi ninayemlipa. Kwa hiyo nilichelewa kuona. Nilipofika, kaka alikuwa amekaa, anatapika ziwa, na anauliza kofia yake iko wapi.

Kofia!

Sisi ni Wanubi wa Bwaise, hapa Kampala. Babu wa babu zetu walikuja na bunduki za watu wengine kutoka Sudani, wakaachwa hapa, na tulichorithi ni Kiswahili, Kinubi na majivuno. Bibi alitulea kwa yote matatu. Alipokuwa akisema "mjukuu wangu yuko ziwani" ungedhani anataja manowari. Hakujua kwamba mjukuu wake alikuwa anakaa ziwani kiasi tu, na muda uliobaki anakaa kwenye baraza la baa, miguu juu ya kreti, anaeleza jinsi ziwa lilivyo baya.

Na hapo ndipo mimi huchoka na wavuvi wetu. Wana sababu za kunywa kama watu wengine walivyo na ndugu: ukimzika mmoja, wa pili anabisha hodi. Ziwani kuna baridi, kwa hiyo wanywe. Wakirudi jua ni kali, wanywe. Wakipata samaki wengi, ni furaha. Wakikosa, ni huzuni. Mke yuko mbali kisiwani, upweke. Mke amekuja kutembelea, kelele. Tena dagaa huvuliwa gizani kwa taa, wanaifuata taa kama mabwege, kwa hiyo mwezi ukijaa hawadanganyiki na injini za mitumbwi hazilii. Siku hizo mvuvi hana la kufanya. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala na chupa huamka. Nimeshuhudia mwanamume mzima akiutazama mwezi mchana, ule mwezi mweupe kama kipande cha kucha, akauambia kwa uchungu, "Wewe ndiye umenifanya hivi."

Mwezi wa watu, jamani.

Lakini aliyenichekesha kuliko wote, kicheko kile cha mdomo upande, ni bosi. Bosi ndiye mwenye mtumbwi aliokuwa akifanyia kazi kaka. Ana mitumbwi, na ana baa, na baa inaendeshwa na mkewe. Watu wake hulipwa kwenye baraza la baa hiyo hiyo, asubuhi, tumboni hamna kitu, mke ameshapanga chupa mezani na ameshafungulia muziki. Wavuvi huvua dagaa kwa taa. Bosi huvua wavuvi kwa baa yenye taa za rangi. Tofauti ni kwamba dagaa hawaimbi wakiwa wavuni.

Siku moja walikuja watu wa semina kutufundisha madhara ya pombe. Watu wazuri, viatu safi. Wakatafuta mahali penye kivuli, umeme na spika. Ni wapi hapo mwaloni? Semina ikafanyika kwenye baa. Picha ya ini lililooza ikabandikwa juu ya picha ya bia. Wakagawa fulana zenye maneno mgongoni, ACHA POMBE OKOA MAISHA, na mwenyekiti wa mwalo akashukuru kwa hotuba ndefu, akalia kidogo. Gari lao lilipopinda kona, fulana zote, isipokuwa ya mwenyekiti, zilikuwa kaunta, zimebadilishwa kwa chupa.

Sasa, baada ya kuzama kule kwa magotini, nilimpeleka kaka Bwaise kwa bibi. Nilimwambia bibi ni malaria. Bibi akamtazama, akamnusa, akasema, "Malaria hii nimeolewa nayo. Leta godoro."

Zile siku sizisahau. Jasho, kutetemeka, kuona wadudu ukutani ambao hawapo. Bibi hakungoja maombi peke yake. Alimwita muuguzi wa zahanati ya jirani, mama mkali asiyecheka, akampa dawa na kutukataza kumwacha peke yake. Mikono ilitetemeka mpaka kikombe cha uji kikawa kinagonga meno yake, tik tik tik, na bibi akamshikia kikombe huku akitazama pembeni ili asimwaibishe. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo karibu na mtaro, kisha nikaona mtaro unanuka sana, nikarudi ndani.

Akapona. Yaani, akaanza kupona. Akanenepa mashavu. Akaanza kunikumbusha mambo ya utotoni niliyodhani yeye ndiye aliyeyasahau. Halafu asubuhi moja, anakunywa chai, akasema, "Dogo, narudi mwaloni."

"Kufanya nini?"

"Kuuza maua. Kufanya nini! Kuvua."

"Kaka, huko ndiko walikokuacha unawe uso."

"Najua. Lakini mimi sijui kazi nyingine. Nikiwa juu ya maji nasikia mtumbwi unavyotaka kwenda, nasikia kwa makalio haya. Nchi kavu mimi ni mjinga tu."

Bibi akasema mtoto hazuiwi riziki, ila anazuiwa upumbavu, na akamwapisha asiguse chupa. Kaka akaapa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani, nikauweka hata mkahawa pembeni: arudi ziwani na asirudi kwenye pombe. Pale kwetu hilo ni sawa na kusema uoge usilowe.

Maana kuna desturi. Mvuvi wa mwalo wetu haingii mtumbwini bila koti. Usifikirie nguo. Koti ni chupa ndogo ya plastiki ya pombe kali ya waragi, ile inayoenea mfukoni, na wanaiita hivyo kwa kuwa eti inazuia baridi. Jioni kabla ya kusukuma mtumbwi, kila mtu anainua koti lake juu wenzake walione. Asiye nalo anaachwa. Wanasema baridi yake itapita kwenye wavu, dagaa wataisikia, watakimbia. Dagaa, samaki wa urefu wa kidole, ana habari kwamba fulani hajanywa! Na makoti yote yananunuliwa wapi? Kwa mke wa bosi. Nani alianzisha imani hiyo sijui, lakini kama ningekuwa na baa ningeianzisha mimi.

Siku ya kwanza kaka alijaribu kuingia mikono mitupu. Wakamteremsha kama wanavyoteremsha mbuzi.

"Koti liko wapi, ssebo?" wakamuuliza, ile "bwana" ya Kiganda ikiwa na kejeli.

"Sihisi baridi."

"Wewe huhisi, sisi je? Unataka kutuua?"

Mtumbwi ukaondoka. Yeye akabaki amesimama kwenye maji yale yale ya magotini.

Tulipomsimulia bibi, alitingisha kichwa, akauliza, "Hiyo chupa wanaionja, au wanaitazama?"

"Kila mtu ananywa yake, haboba."

"Basi nileteeni moja tupu."

Aliiosha kwa majivu. Akaiosha kwa sabuni. Akaisomea Bismillahi, akaiosha tena, uso ameukunja kama anayeosha maiti ya mtu aliyemkosea. Kisha akachemsha tangawizi kali, akaichuja, akaichuja tena kwa kitambaa chake cha kichwa mpaka ikawa na ukungu mdogo tu, na waragi ya mke wa bosi nayo ina ukungu, sijui wa nini na sitaki kujua. Kaka akaonja, machozi yakamtoka.

"Inachoma!"

"Ndiyo," bibi akasema. "Ukunje uso vilevile. Utaaminika."

Tangu hapo ikawa hivi: jioni kaka ananunua koti barazani kama wenzake, mke wa bosi anamwona na kufurahi, kisha anapita kwenye nyavu zangu kunisalimia, ananipa lake na mimi nampa la bibi. Lile la baa nilikuwa nalimwaga nyuma ya choo. Hata majani ya pale hayakushukuru.

Na mitumbwi ikaenda. Kipindi chote kile cha giza mtumbwi wao ulirudi umejaa kuliko yote. Si uchawi. Mtu mmoja alikuwa macho. Taa ikiyumba anaishika, wavu ukinasa anaunasua, maji yakiingia anayachota kabla hayajafika magotini. Wenzake walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta wamevua. Na walielewaje? Walisema, "Huyu tangu arudi anakunywa kiume kweli! Ona anavyokunja uso!" Wakaanza kununua makoti mawili mawili ili wamfikie.

Nilicheka mpaka nikamwaga dagaa.

Nilimwambia kaka, "Unaona? Wewe ndiye injini." Akasema taratibu, bila kucheka, "Dogo, usiku mimi naogopa. Zamani nilikuwa sijui kama naogopa." Nilikuwa nimeshawasema sana wavuvi kuhusu baridi yao, nikakumbuka mimi nalala nchi kavu.

Lakini huruma yangu haikudumu, maana walinipa sababu upesi. Mmoja wa wenzake, mrefu mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, alimaliza makoti yake mawili kabla hawajafika mbali, akamwibia kaka lake mfukoni, akalipiga lote kwa mkupuo. Asubuhi walirudi na dagaa wachache. Mrefu alishuka wa kwanza, akakimbia hadi barazani, akilia kama aliyeumwa na nyoka.

Wakaitisha kikao. Mchana huohuo, kwenye baa, mahali pa semina na pa kila kitu. Mwenyekiti wa mwalo akakaa katikati kuhukumu, na namwapia bibi yangu, alikuwa amevaa ile fulana. ACHA POMBE OKOA MAISHA, na mezani glasi yake. Mimi nilisimama mlangoni na beseni langu. Kaka alisimama mbele yao, kofia mkononi.

"Ssebo," mwenyekiti akaanza, "wewe ulikuwa unakunywa nini kwenye mtumbwi wa bosi?"

"Tangawizi."

"Tangawizi ya nini?"

"Ya bibi."

Baa ikalipuka. Mrefu akaruka mbele. "Mzee, sikia. Mimi nilimeza vizuri kabisa. Nikangoja. Nikangoja tena. Hakuna kitu! Koo linaungua lakini kichwa hakiendi popote! Nilidhani nimekufa!"

"Banange," mtu akasema nyuma, kwa huruma ya kweli.

"Na si hivyo tu," mrefu akaendelea. "Siku zote hizi tulikuwa na mtu mwenye akili timamu mtumbwini. Anatutazama! Anatusikia! Na kesho yake anakumbuka!"

Niliona kila mmoja anajaribu kukumbuka alisema nini juu ya nani huko ziwani. Mke wa bosi akanitazama mimi, jicho jembamba.

Kaka akauliza, "Kabla ya leo si tulikuwa tunajaza mtumbwi? Nani alikuwa anachota maji? Nani alikuwa anashika taa?"

"Usituchanganye na maswali," mwenyekiti akasema. "Leo samaki wamekosekana kwa sababu gani?"

"Kwa sababu huyu alikuwa amekunywa hata changu, akaangukia taa."

"Alikunywa tangawizi! Tangawizi haiangushi mtu!"

Wakapiga makofi. Watu wazima, wenye ndevu, wakampigia makofi mwenyekiti kwa akili hiyo. Bosi alikuwa muda wote anachokonoa meno. Sasa akasema kwa upole, na upole wa bosi mimi naujua, "Mimi sina ugomvi na kijana. Ni mvuvi mzuri. Ziwa si msikiti, ndiyo tu. Avae koti moja hapa mbele ya wenzake, yaishe, jioni aingie mtumbwini."

Mke wake alikuwa tayari ameshafungua chupa. Akaiweka mkononi mwa kaka. Harufu ikanifikia mimi mlangoni, sembuse yeye. Wakaanza kumwimbia, "Koti! Koti! Koti!" wakigonga meza. Nikasikia tena yale meno kwenye kikombe cha uji, ingawa hakuna aliyeyasikia ila mimi. Niliona anainua. Aliinua mpaka kidevuni, na koo lake likameza kabla kinywa hakijapata kitu.

Kisha akaiteremsha, polepole sana, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto asiamke.

"Basi nitakosa mtumbwi," akasema.

Ningependa kuandika kwamba alitoa maneno mazito wakaona aibu, nimeshamtungia maneno hayo mara nyingi nikigeuza dagaa. Ukweli ni kwamba walizomea, mrefu akaiwahi ile chupa, na jioni mtumbwi uliondoka na mtu mwingine, amelewa tayari, ameinua koti lake juu kama kombe la mpira.

Kaka alishinda siku mbili Bwaise. Halafu nikamwona anakuja mwaloni asubuhi, anapita mbele ya baraza bila kugeuka, shingo ngumu kama ana jipu, anakuja moja kwa moja kwenye nyavu zetu.

"Nipe reki."

Kuanika dagaa mwaloni ni kazi ya wanawake. Mwanamume anavua, mwanamke anaanika. Afadhali mwanamume aonekane amelala kwenye tope kuliko aonekane ameshika reki. Akina mama wakaweka mikono viunoni.

"Nyabo mpya karibu!" mmoja akamwita. "Leso yako iko wapi?"

"Mwacheni, atatuzalia."

Na barazani ndiyo usiseme. "Mke wa nani yule? Mchumba, geuza na upande huu!" Kaka aligeuza dagaa vibaya, akiwarundika, akiwavunja vichwa, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa jua au kwa hasira. Mimi nilikuwa nageuza upya nyuma yake bila kumwambia. Kila mara nilitazama mikono yake. Kila jioni mitumbwi ikisukumwa aliacha reki, akasimama anaitazama mpaka ipotee, na mimi nilihesabu pumzi zake badala ya zangu. Sikujua kama kesho angekuja kwenye nyavu au angekwenda barazani. Yeye pia hakujua, aliniambia hivyo.

Ndipo mwezi ukajaa. Mitumbwi yote nchi kavu, wanaume wote barazani tangu asubuhi, na nyavu zetu zimejaa dagaa wa mwisho mpaka giza lirudi. Mchana wingu likatoka ziwani, jeusi, upande mmoja, na upepo ukageuka. Dagaa walioloa mvua ni wa kutupa tu, hata kuku huwachagua. Akina mama wakaanza kupiga kelele, leteni maturubai, leteni maturubai, wengine hawapo, wengine wana watoto mgongoni. Na barazani pale, waliowavua samaki hao kwa jasho lao na hofu yao, wakageuza viti ili waone vizuri. Wakashangilia. Mrefu akawa anatangaza kama mpira wa redioni. Bosi, ambaye nusu ya dagaa ni wake, alitaka kuinuka, akakaa tena.

Aliyekimbia ni mmoja. Alitupa reki, akachomoa turubai kubwa la chini ya mtumbwi wa bosi, lile zito linalobebwa na watu wanne, akaja nalo analiburuta, upepo unalijaza, yeye anarudi nyuma, anakuja, anasoma upepo kama anavyousoma akiwa majini. Akapiga kelele kwa akina mama wale wale waliomtafutia leso, wewe kaa pale, wewe kanyaga hapa, legeza, legeza, sasa vuta! Nao wakatii. Matone ya kwanza yakaanza kugonga, makubwa. Mimi nilikuwa nimesimama mdomo wazi, beseni mkononi, namtazama.

"Dogo!" akanifokea, maji yanamchuruzika usoni. "Umeganda nini kama nguzo? Shika upande ule!"

Nikashika.